Kikosi kipana cha Kentucky: benchi linalotupa raha Oktoba huwa linaenda wapi Machi?

Ikifika Oktoba shabiki wa basketi ya vyuo Marekani haambiliki. Timu haijacheza hata mechi moja ya maana lakini yeye tayari ana jibu la kila kitu, tuna kikosi kipana, tunaenda watu kumi, akiumia huyu yupo yule, msimu huu hawatuwezi. Na pale Lexington, nyumbani kwa Chuo Kikuu cha Kentucky, ndio usiseme kabisa, watu wanajaza Rupp Arena, ukumbi wa watu zaidi ya 20,000, kuangalia tu timu ikianza mazoezi, ule usiku wanaouita Big Blue Madness, na wakitoka pale kila mmoja ana hesabu yake kichwani ya nani ataanza na nani ataingia baada ya nani.

Mimi nawapenda hao watu na ni mmoja wao, kwa hiyo siandiki hapa kumkatisha mtu tamaa. Ninachotaka kueleza ni kwamba kikosi kipana ni kitu cha kweli na kinasaidia sana, ila kinasaidia sehemu tofauti na ile tunayoifikiria sisi. Tunakiona kama silaha ya Machi, ya kwenye mashindano ya kutoana, wakati kazi yake kubwa kinaifanya Desemba na Februari, halafu Machi ikifika kocha anakikunja anabaki na watu saba au nane. Ukishaelewa hapo mambo mengi yanayotuumizaga kila mwaka yanaanza kueleweka.

Tuanze na hesabu maana hapa ndipo tunapojidanganya. Mechi ya chuo ni dakika 40, vipindi viwili vya dakika 20, na uwanjani wako watano. Kwa hiyo timu nzima ina dakika 200 za kugawana, basi, labda mechi iende muda wa nyongeza ndio unapata 25 zaidi. Sasa chukua karatasi uandike majina kama shabiki anavyoyaandika. Pointi gadi, yule anayeongoza mashambulizi, ni staa, mpe dakika 32. Gadi wa pili 30. Mawinga wawili, 28 kila mmoja. Senta 30. Hapo watano wa kwanza wameshakula 148. Halafu kuna yule dogo wa mwaka wa kwanza aliyekuwa gumzo nchi nzima akiwa sekondari, huwezi kumpa chini ya 25. Yule aliyehamia kutoka chuo kingine alikokuwa anafunga 15 kwa mechi, yeye 22, hakuja kukaa. Shujaa wa mwaka jana 20. Senta wa pili 18, mtupaji wa pointi tatu 15, yule mlinzi mkali asiyefunga 12. Jumlisha. Unapata 260. Dakika 60 hazipo popote, lazima zitoke kwa mtu, na huyo mtu ana wazazi wake, ana wakala wake, ana watu wa nyumbani wanaompigia simu kumuuliza mbona hachezi.

Na hiyo karatasi ina tatizo lingine, kila jina limeandikwa kwa siku yake nzuri. Dogo anaandikwa kama vile hatapata shida kuzoea, wa mwaka wa pili anaandikwa kama vile lazima ameongeza kitu wakati wa likizo, aliyehamia anaandikwa na takwimu zake zote za chuo cha zamani wakati kule alikuwa anashika mpira muda wote na huku ataugusa mara chache. Hakuna anayeandika majeruhi. Hakuna anayeandika faulo, na vyuoni ukifikisha tano unatoka, sio sita kama NBA, ligi ya kulipwa, kwa hiyo senta mwenye mbili za mapema kipindi cha kwanza mara nyingi anakaa chini mpaka mapumziko.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Kentucky yenyewe, msimu wa 2014-15, na huo nautolea stori ndefu kidogo kwa sababu sijaona timu nyingine ya zama hizi iliyokuwa na watu kama ile. Kocha alikuwa John Calipari. Alikuwa na wachezaji tisa waliochaguliwa McDonald's All-American, yaani ile orodha ya vijana bora wa sekondari nchi nzima, kwenye timu moja. Akaona hawezi kugawa dakika kwa njia ya kawaida, akaja na mpango wa makundi mawili, watano wanaingia wote pamoja, wanacheza kama dakika nne, wanatoka wote, wanaingia watano wengine. Kundi moja lilikuwa na mapacha Andrew na Aaron Harrison, Alex Poythress, Willie Cauley-Stein na Karl-Anthony Towns. La pili Tyler Ulis, Devin Booker, Trey Lyles, Dakari Johnson na Marcus Lee. Soma hayo majina tena taratibu. Booker, huyuhuyu unayemjua wa Phoenix Suns, alikuwa anatokea benchi. Towns aliyekuja kuchaguliwa wa kwanza kwenye drafti ya NBA, pale timu zinapochagua vijana kwa zamu, mwaka huohuo wa 2015 alikuwa anacheza wastani wa dakika 21 tu.

Na ulikuwa unafanya kazi. Novemba walikutana na Kansas, timu kubwa kabisa, wakawapiga 72-40, Kansas nzima ikaweza kutia vikapu 11 tu vya uwanjani. Desemba wakakutana na UCLA pale Chicago, wakaanza 24-0, mpaka mapumziko ni 41-7. Ukiwa shabiki ukaona vile, watano wanakuchosha, halafu wanaingia watano wengine wazima hawajatoka hata jasho, unaona kabisa ubingwa umeshakuja. Timu ilifika mechi ya 38 bila kufungwa hata moja.

Lakini angalia kilichotokea katikati. Poythress aliumia goti Desemba akiwa mazoezini, msimu wake ukaishia hapo, na makundi mawili ya watano yakawa hayagawanyiki tena sawa. Taratibu Calipari akaanza kuwapa dakika zaidi wale anaowaamini. Robo fainali na Notre Dame walitoka kwa tundu la sindano, 68-66, Towns akabeba timu na pointi 25 na Andrew Harrison akatia mitupo huru miwili zikiwa zimebaki sekunde sita. Halafu tarehe 4 Aprili 2015, Indianapolis, nusu fainali, Wisconsin.

Kentucky waliongoza 60-56 dakika za mwisho mwisho. Kuanzia hapo Wisconsin wakafunga 15, Kentucky wakafunga nne. Ikaisha 71-64. Katikati ya kipande hicho kuna mashambulizi matatu mfululizo ambayo Kentucky walimaliza muda wao bila hata kufunga, na enzi hizo saa ya kushambulia, yaani muda timu inaopewa kutupa mpira kikapuni kabla ya kuupoteza, ilikuwa sekunde 35, ni muda mrefu ule. Mpira unazunguka, huyu anampa yule, yule anamrudishia huyu, saa inalia. Wisconsin kwa upande wao walijua wanampa nani, Frank Kaminsky aliyemaliza na pointi 20 na rebaundi 11, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka, au Sam Dekker aliyetupa pointi tatu ya kuua mechi.

Hapo ndipo mimi nilipoanza kuliangalia benchi kwa jicho tofauti. Pale mwishoni Kentucky hawakukosa miguu, miguu walikuwa nayo kuliko timu yoyote nchini. Walichokosa ni makubaliano ya mpira unaenda kwa nani, na makubaliano hayo yanajengwa na dakika nyingi za kucheza pamoja watu walewale kwenye mechi ngumu, ambazo mfumo wa makundi mawili, pamoja na ushindi wa pointi 30 kila wiki, haukuwapa. Hilo ni wazo langu na najua wapo watakaobisha, watasema Wisconsin walikuwa bora tu usiku ule, na kweli walikuwa bora.

Jumatatu yake Wisconsin wakafungwa fainali na Duke 68-63, na Duke msimu ule walibaki na wachezaji wanane tu wa skolashipu, yaani wanaosomeshwa na chuo ili wacheze, baada ya mmoja kuondolewa kwenye timu mwezi Januari. Wanane! Halafu kilichowaokoa kwenye fainali ni mtu wa benchi. Jahlil Okafor alikuwa na faulo nyingi, timu iko nyuma kwa pointi tisa kipindi cha pili, akaingia Grayson Allen, dogo wa mwaka wa kwanza ambaye msimu mzima wastani wake haukufika pointi tano, akafunga nane mfululizo peke yake na akamaliza na 16. Kwa hiyo mtu akikwambia benchi halina kazi Machi naye anakosea. Lina kazi, ila kazi yenyewe inamhitaji mtu mmoja, usiku mmoja, kwa sababu maalum, faulo au kifundo cha mguu au mwenzake kukosa shabaha, na hujui atakuwa nani.

Sasa kwa nini makocha wanakunja kikosi Machi? Watu wanadhani ni woga. Sehemu ndiyo, ukikosea mara moja umeenda nyumbani, na kocha anataka waliomzoea. Ila kuna sababu ya kawaida kabisa ambayo watu hawaiongelei, watu hawachoki kama tunavyofikiria. Kila kipindi mechi inasimama kwa ajili ya matangazo ya TV, mchezo ukisimama mara ya kwanza baada ya saa, inayohesabu kushuka kutoka 20, kupita dakika ya 16, ya 12, ya 8 na ya 4. Hiyo ni mara nane kwa mechi, mbali na taimauti za makocha wenyewe, na kwenye mashindano ya Machi mapumziko hayo ni marefu zaidi. Juu ya hapo unacheza Alhamisi, unapumzika Ijumaa, unacheza Jumamosi, halafu unakaa karibu wiki nzima. Kijana wa miaka 20 anamudu dakika 36 hapo bila shida. Faida kubwa ya benchi, yaani kumpumzisha mtu aliyechoka, inapewa na televisheni bure.

Linganisha na huko nyuma. Novemba kuna mashindano ya mechi tatu ndani ya siku tatu. Januari na Februari kuna mechi za ligi Jumanne au Jumatano na Jumamosi, wiki baada ya wiki, safari za usiku, mafua, vifundo, masomo. Hapo ndipo mchezaji wa nane na wa tisa wanakuokoa, wanakushindia ile mechi ya ugenini ya Februari ambayo hakuna atakayeikumbuka lakini ndiyo inayokupangia nafasi yako Machi. Benchi ni tairi la spea, huliweki kwenye gari ili likuongezee spidi.

Kentucky ya 2024-25 ni ushahidi mzuri. Mark Pope aliingia akakuta hana hata mchezaji mmoja wa skolashipu aliyebaki, akajenga timu nzima upya, wengi wao wakiwa waliohama vyuo vingine. Halafu majeruhi yakamwagika, Kerr Kriisa mguu, Lamont Butler bega linamtoa na kumrudisha, Jaxson Robinson kifundo cha mkono mpaka upasuaji na msimu ukaisha. Travis Perry, dogo wa mwaka wa kwanza wa palepale Kentucky, akajikuta anaongoza timu kwenye mechi kubwa. Na bado wakafika timu 16 za mwisho kabla ya Tennessee kuwatoa 78-65. Bila upana ule wasingefika hata karibu.

Na kuna upande mwingine ambao kwetu Waswahili unauma kidogo zaidi. Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi, alifika Kentucky 2021 akitokea West Virginia, na msimu wa 2021-22 akawa mchezaji bora wa vyuo nchi nzima, pointi 17 na rebaundi 15 kwa mechi, rebaundi 15, hebu fikiria. Pale Lexington kuna jamii kubwa ya Wakongomani wanaoongea Kiswahili, kwa hiyo kumwona mtoto wa kwao anashangiliwa na ukumbi mzima wa Rupp Arena halikuwa jambo dogo. Mwezi wa Februari magadi wawili wakuu, TyTy Washington na Sahvir Wheeler, waliumia kwa nyakati zinazokaribiana, wakarudi lakini timu haikurudi ileile. Machi wakapangwa na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City. Tshiebwe akafunga 30 na rebaundi 16, akafanya kila alichoweza mwanadamu, na Kentucky wakafungwa 85-79 muda wa nyongeza. Upande wa pili Doug Edert alitokea benchi akafunga 20. Kikosi chenye benchi kubwa kwenye makaratasi kilikuwa Kentucky, na benchi lililocheza lilikuwa la Saint Peter's, kwa sababu kocha wao Shaheen Holloway alikuwa anawatumia watu wengi msimu mzima, kila mmoja anajua anaingia lini na kufanya nini.

Safari ya Saint Peter's iliishia kwa North Carolina, 69-49, na North Carolina nao ni somo kamili. Ile timu ilikuwa inategemea watu watano tu, wakabatizwa watano wa chuma, Caleb Love, RJ Davis, Leaky Black, Brady Manek na Armando Bacot, benchi halina mchango mkubwa. Wakafika fainali. Mpaka mapumziko wanaongoza Kansas 40-25. Kipindi cha pili miguu ikaisha, Bacot ambaye kifundo chake kilikuwa kinamsumbua tangu nusu fainali akaanguka tena dakika ya mwisho akashindwa kuendelea, Puff Johnson akatoka benchi akajitahidi na kufunga 11 lakini haikutosha, 72-69 Kansas bingwa. Na Kansas kutoka benchi walipata pointi 14 za Remy Martin, ambaye kabla ya msimu alitajwa kuwa angekuwa mchezaji bora wa ligi yao, akaja akaumia goti, akakubali kutokea benchi bila kelele.

Mwaka uliofuata wanne kati ya wale watano wa North Carolina wakarudi, akaongezwa Pete Nance kutoka Northwestern, benchi likaonekana limeboreka, wakapewa namba moja nchi nzima kabla ya msimu. Wakamaliza 20-13 na hawakuingia hata kwenye mashindano. Tangu mashindano yafikishwe timu 64 mwaka 1985 hakuna namba moja ya kabla ya msimu aliyewahi kukosa kabisa mpaka wao.

Zipo timu ambazo upana ndio mchezo wenyewe, na hizo zitenge pembeni. Arkansas ya Nolan Richardson iliyochukua ubingwa 1994 ilikuwa inabana uwanja mzima dakika zote 40, mchezo ule hauwezekani na watu saba. Florida State ya Leonard Hamilton nayo, mwaka 2020 walikuwa mabingwa wa ligi ya ACC, na Patrick Williams alitokea benchi msimu mzima, hakuanza hata mechi moja, halafu akachaguliwa wa nne kwenye drafti ya NBA. Pale mfumo ulijengwa hivyo miaka na miaka, kijana akisajiliwa anajua kabisa atacheza dakika 20 na wenzake wanazijua zao. Huwezi kununua hiyo kitu majira ya joto moja.

Na siku hizi ndio imekuwa ngumu zaidi. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje mwaka mzima kama zamani, na mwaka huohuo wakaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao, na tangu msimu wa 2025-26 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja na kikosi kimeongezwa kutoka skolashipu 13 hadi watu 15. Kwa hiyo kwenye karatasi kila chuo kikubwa sasa kina benchi refu kuliko zamani. Ila mchezaji wa tisa wa leo ana njia ya kuondoka msimu ukiisha, na hakosi mtu wa kumpokea. Zamani yule wa tisa alikaa, akajifunza, mwaka wa tatu akawa nguzo. Sasa kocha anajenga upana wa mwaka mmoja mmoja, na kila Januari ana kazi ya kumfanya mtu aliyekuwa staa alikotoka aridhike na dakika 11. Mimi naamini hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwenye basketi ya vyuo sasa hivi, na makocha wanaoiweza ni wachache.

Basi unaangaliaje timu yako kabla hujajaa matumaini? Mechi za Novemba za nyumbani zichukulie kwa tahadhari, vyuo vikubwa huwa vinavilipa vyuo vidogo kuja kucheza, unaongoza kwa 35, dakika kumi za mwisho anaingia kila mtu, mchezaji wa kumi anafunga 12 na wewe unaamini umepata staa mwingine. Angalia badala yake mechi ya kwanza ngumu ya ugenini. Taimauti ya kwanza ya TV, pale saa inapopita 16, nani anaingia? Anaingia na watano gani? Kipindi cha pili pakiwa sare, wale walioingia wamerudi au wamekaa? Kama kuna mtu wa benchi anafanya kitu ambacho hakuna mwingine kwenye timu anakifanya, anakaba gadi bora wa wapinzani au anatupa pointi tatu senta akibanwa, huyo utamwona Machi. Kama yupo tu kwa sababu ni mzuri kwa ujumla, na mbele yake wapo watatu wazuri kwa ujumla, dakika zake ndizo zile 60 zinazokatwa.

Na tarehe za mwanzo za Februari rudi kwenye ile karatasi yako ya Oktoba, weka pembeni dakika halisi za mechi tano za mwisho, uone ni majina mangapi bado yana zaidi ya 10. Yakiwa nane na wote wazima, hapo mimi ningeanza kutafuta tiketi.